Nyundo Chini ya Mapipa

Mshumaa ulizimika. Hapo ndipo tulipomwacha Asteria wiki iliyopita, kwenye ngazi ya tatu ya kantina, utambi unafuka moshi mkononi mwake. Wengine mlipiga simu hadi gazetini kunilaumu, eti nimemwacha mke wa mtu gizani kisha nikaenda zangu kulala. Haya, nimerudi, na Asteria bado yuko pale pale.

Ile sauti ikaja tena. Ngo. Ngo. Ngo. Ilitoka chini kabisa, chini ya mapipa, upande wa bondeni.

Panya hagongi hivyo, na pipa halipasuki kwa mpigo. Ilikuwa nyundo juu ya tindo. Mtu aliyekulia Nyang'hwale, ambako kila mlima una mashimo ya dhahabu, hawezi kuisikia nyundo ya mchimbaji akaifananisha na kitu kingine.

Asteria alipanda ngazi kinyumenyume, mkono mmoja ukutani, akiogopa kuligeuzia giza mgongo. Alipotokeza juani alikuwa anatetemeka, na jua la saa nane za Kharumwa mnalijua, halimtetemeshi mtu.

Kwa aliyelinunua gazeti leo kwa mara ya kwanza, nitasema haraka haraka maana nafasi niliyopewa ni ndogo. Kantina ni chumba cha chini ya ardhi cha kuhifadhia divai. Jina hilo alilileta padre mmoja Mwitaliano, marehemu siku nyingi, aliyemfundisha mzee Maganga kutengeneza divai nyekundu kama kwao. Maganga akamfundisha mwanawe Sostenes, na mzee Sostenes ndiye mkwewe Asteria.

Divai ya nyumba hii haina haraka. Zabibu zinachumwa, zinaanikwa juu ya chanja kivulini mpaka zisinyae, ndipo zinakamuliwa na kuachwa kwenye mapipa pamoja na maganda yake. Humo zinachemka zenyewe bila moto. Na zikichemka zinatoa hewa nzito isiyoonekana, inayotulia sakafuni kama maji kwenye beseni. Ukiingia kichwakichwa unasikia usingizi, unakaa chini kidogo upumzike, na hapo ndipo watu wanakuja kukukuta.

Kwa hiyo wa nyumba hii hawashuki bila mshumaa. Ukizimika, unageuka. Tena upande wa bondeni kuna tundu la kumtosha mtu kutambaa, lenye kilango cha chuma, wao wanaliita mdomo. Msimu wa kukamua mdomo unakaa wazi usiku na mchana, hewa yote inamwagikia bondeni. Ndiyo maana Asteria alikuwa haelewi. Msimu mzima mshumaa wake ulikuwa unafika hadi sakafuni ukiwaka.

Mzee Sostenes alikuwa amesimama mlangoni pa kantina, kana kwamba alikuwa anamsubiri.

Asteria alipiga magoti, macho chini, kama inavyompasa mkamwana. Akasema mshumaa umezimika ngazi ya tatu, na huko chini kuna watu wanachimba.

"Najua," mzee alisema.

Akausukuma mlango wa kantina, akaufunga kwa komeo, akajifuta vumbi mikononi. Asteria akauliza, kwa sauti ndogo, je mdomo umezibwa na kitu?

"Nimeuziba mimi."

Akaeleza bila haraka. Nyundo aliisikia tangu wiki iliyopita, alipolaza sikio chini shambani. Alijua ni ya nani. Ni ya Marwa, yule mwenye duara, yaani shimo la kuchimba dhahabu, tuliyemwona mwanzo wa hadithi hii akija na pikipiki yake nyekundu kutaka auziwe shamba, akanyimwa. Baada ya kunyimwa, mistari mitatu ya mizabibu ikadidimia asubuhi moja na nguzo zake zote. Serikali ya kijiji ikasema itakuja kuangalia. Hadi leo iko njiani.

Basi Jumanne mzee akaenda bondeni peke yake. Akaushindilia mdomo ubao na udongo wa mfinyanzi, akafunga kilango cha chuma kwa kufuli, na ufunguo akauvaa shingoni pamoja na rozari yake.

"Sijamgusa mtu," alisema. "Nimefunga mlango wangu. Atakayetoboa ukuta wa nyumba yangu atakikuta kilichomo."

Asteria akasema, Baba, wale ni watu.

"Na mimi ni nani?"

Alilisema hilo kwa sauti ile ile anayoagizia chai. Msomaji, usimwone mbaya upesi. Mizabibu ile ilipandwa na baba yake kwa mkono, na Marwa aliila kutoka chini kama mchwa. Lakini Asteria ile sauti ilimtisha kuliko nyundo. Alikuwa amekaa na mzee huyu mwenye salamu za taratibu tangu aolewe, akimtengea chakula, akimchotea maji, na leo alikuwa anaambiwa watu watakufa chini ya miguu yake alasiri hii, na kazi yake yeye ni kwenda kuinjika ugali.

Angeweza kubisha? Nyinyi wa mjini mtasema ndiyo. Nyumba hii ni ya Kisukuma, na mkamwana hamtazami mkwe usoni wala hagusani naye. Hata kikombe cha maji hampi mkononi, anakiweka chini, mzee anakiokota. Asteria aliinuka, akaondoka.

Alizunguka nyuma ya jiko akampigia mumewe. Donatus, mtoto wa pekee wa mzee, aliondoka Jumatatu kwenda Mwanza kutafuta chupa. Yeye angeweza kusema na baba yake. Simu ikasema namba haipatikani. Akapiga tena, haipatikani. Akaanza kulia kimya kimya, kwa hofu tu.

Hapo ndipo alipofika Apolonia.

Apolonia ni jirani, mama lishe, na kila msimu wa kukamua anakuja na ndoo kuchukua maganda ya zabibu kwa ajili ya nguruwe wake. Kwa kawaida anaanza kuongea akiwa bado barabarani. Leo aliingia kimya. Akasalimia, "Mwadila, Mama Kulwa," akaitikiwa, akasimama tu na ndoo yake.

"Baba Kulwa yuko wapi?" akauliza.

"Mwanza."

Apolonia akaiweka ndoo chini. Akatazama huku na huku, akasogea. Akasema yeye si mtu wa kuvunja nyumba za watu, lakini hili limemkaa kooni tangu adhuhuri.

Akaeleza kwamba siku hizi anapeleka chakula kwa vijana wa Marwa. Duara lao limefichwa ndani ya lile ghala la zamani la pamba, ng'ambo ya shamba. Ukiingia mle simu yako inachukuliwa mlangoni, maana hawataki ijulikane wanachimba wakielekea ardhi ya nani. Leo mmoja wao alipokea sahani yake amempa mgongo, kichwani kajifunga kitambaa hadi machoni. Apolonia angempita tu, lakini aliiona mikono yake.

"Ilikuwa ya zambarau," alisema. "Hadi huku kwenye kiwiko. Kharumwa nzima, Mama Kulwa, nani ana mikono ya rangi ile kama si wa nyumba hii?"

Asteria aliitazama mikono yake mwenyewe. Ilikuwa ya zambarau, kucha na mistari ya viganja. Ukikamua zabibu zile zilizosinyaa, rangi yake haitoki kwa sabuni, inasubiri ngozi ichoke yenyewe. Waliobaki na rangi ile msimu huu ni watatu. Wawili walikuwa hapa nyumbani.

Apolonia aliendelea, sasa maneno yalikuwa yanamtoka mbiombio. Vijana wanamwita yule mtu mwenyeji. Yeye ndiye anawaonyesha pa kupita. Mwamba wenye dhahabu unapanda kuelekea chini ya kantina, na njia rahisi ya kuukata ni kutokezea humo humo. Walipoogopa hewa, mwenyeji akawahakikishia kwamba hakuna hewa, tundu la bondeni liko wazi, hewa yote inaishia nje. Aliapa kabisa.

Naye hakusema uongo, masikini. Alipoondoka nyumbani Jumatatu lilikuwa wazi.

Usiniulize mimi mtu anamchimbiaje baba yake mzazi. Nina hasira naye kuliko wewe. Utamuuliza mwenyewe, kama atatoka.

Asteria hakuuliza mengi. Alimwambia Apolonia akimbie ghalani, awaambie mdomo umezibwa na kantina imejaa hewa, wapande juu wote, sasa hivi. Apolonia akapandisha khanga, akakatiza shamba la pamba, na kwa unene wake ule sijui alizipata wapi mbio zile.

Mzee Sostenes alikuwa ameketi kwenye kibanda cha chanja, anachagua zabibu zilizoota ukungu. Asteria alipiga magoti akamwambia. Donatus hayuko Mwanza. Yuko chini.

Mzee hakuinua kichwa. Akasema mwanawe yuko Mwanza anatafuta chupa. Akasema Marwa ndiye aliyemtuma yule mwanamke aje na uzushi ili kantina ifunguliwe, na mkamwana wake asiwe mtu wa kudanganywa na wauza ugali. Akaitupa zabibu moja mbovu.

Ngo. Ngo. Sasa haikuhitaji kulaza sikio chini. Asteria aliisikia kwenye magoti yake, kupitia ardhini.

"Baba, naomba ufunguo."

"Hapana."

"Nakuomba kwa ajili ya Kulwa na Doto. Wakitoka shule niwaambie nini?"

"Waambie baba yao yuko Mwanza."

Asteria akasimama. Akamtazama mkwe wake usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya arusi. Kisha akapeleka mkono shingoni mwa mzee, ndani ya ukosi wa shati, akaushika ufunguo, akavuta.

Rozari ikakatika. Punje zikamwagika juu ya zabibu. Mzee Sostenes alibaki ameduwaa mdomo wazi, hata mkono wa kujikinga hakuuinua. Nadhani angepigwa kofi na mtu wa barabarani lisingemshangaza vile. Asteria naye aliogopa alichokifanya, mkono ukawa unamuwaka, lakini miguu ilikuwa imeshaanza kukimbia.

Njiani aliokota jembe. Alishuka mteremko kupita ile mizabibu iliyodidimia, akafika kwenye kilango cha chuma, akapiga magoti kwenye nyasi. Kufuli ilikuwa mpya, ngumu. Ufunguo ukamponyoka mara mbili. Ilipofunguka akakutana na udongo mkavu, umeshindiliwa hadi ukawa tofali. Akaanza kuupiga kwa jembe, na kila alipopiga, nyundo ya ndani nayo ilipiga, karibu kabisa, kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja.

Akasikia mtu anahema nyuma yake. Mzee Sostenes alikuwa amekuja bila viatu. Asteria akajua amekuja kumzuia, akajikunja mbele ya tundu, jembe kifuani.

Mzee akalichukua lile jembe mikononi mwake, akalipiga kwenye udongo kwa nguvu ambayo Asteria hakujua bado anayo.

"Jumatatu alinawa mikono kwa ndimu na chumvi," alisema, huku anapiga. "Nilimwona. Nikashangaa. Yule tangu mtoto akienda mjini na mikono ile anaionyesha kila mtu. Hajawahi kuificha."

Akapiga tena, na tena, na sasa alikuwa analia bila kujificha.

Ubao ukapasuka. Udongo ukaporomokea ndani, na kitu cha baridi kikawapita miguuni kikishuka bondeni. Asteria akawasha kipande cha mshumaa kilichobaki mfukoni, akakisogeza usawa wa nyasi. Kikafa hapo hapo. Akawasha tena, kikafa. Wakarudi nyuma wote wawili, wakasimama mahali pa juu wakisubiri hewa imwagike.

Nyundo ikapiga mara moja zaidi.

Kisha ndani ya kantina mawe yakaporomoka. Wakayasikia vizuri kupitia mdomoni, mawe yanaanguka na kuviringika. Halafu mtu akakohoa, kikohozi kirefu cha kukaba. Mtu mwingine akapiga kelele neno moja lisilosikika. Baada ya hapo kukawa kimya.

"Ni kikohozi chake," mzee alisema.

Akaliita jina la mwanawe ndani ya tundu. Akaliita tena. Kantina ikamrudishia sauti yake mwenyewe.

Msomaji, ukimya wa kantina katika nyumba hii una maana moja tu, na kila mtoto aliyezaliwa hapa anaijua. Mtu akiitwa humo asiitike, hakuna anayesema pengine ametoka. Mdogo wake mzee alikufa hivyo, wakiwa vijana, huku wenzake wamekaa nje wakisubiri mshumaa uache kuzimika.

Mzee alikwenda kisimani akarudi na kamba ya ndoo. Akaishikilia ncha moja, akamnyooshea Asteria nyingine.

"Nifunge kiunoni."

Asteria akamwambia wasubiri kidogo, mshumaa bado unazimika, hewa haijaisha. Akamwambia yeye ni kijana, aende yeye. Mzee akatikisa kichwa. Akasema yeye anaijua kila hatua ya sakafu ile hata akifumba macho, na tangu utoto wake anaweza kubana pumzi kutoka mdomoni hadi pipa la kwanza na kurudi. Na aliyeuziba mdomo ni yeye.

"Nifunge, ng'wanawane," alisema.

Mwanangu, ndivyo alivyomwita. Alizoea kumwita Mama Kulwa, au yule wa Donatus. Asteria akaipitisha kamba kiunoni mwa mkwe wake, akakaza fundo, na hakuna hata mmoja wao aliyekumbuka mambo ya kutogusana.

Wakaelewana kwamba kamba ikisimama, avute. Mzee akajaza kifua, akainama, akaingia. Nyayo zake zilizochanika zilionekana kidogo kwenye mwanga, kisha hazikuonekana.

Kamba ikaanza kutembea kwenye viganja vya Asteria. Ikaenda, ikasita, ikaenda tena. Akaanza kusali kwa sauti, akachanganya maneno, akaanza upya. Kamba ikaenda hadi ikabaki kipande kifupi tu mkononi, ikakaza, ikamvuta mbele hatua moja, na hapo ikasimama.

Akaita. Akakaza mikono ili avute.

Akasikia vishindo vinashuka mteremko. Akageuka.

Apolonia alikuwa anakuja, khanga mkononi. Mbele yake anakimbia mtu aliyejaa vumbi jekundu kuanzia nywele hadi miguu, anakohoa, anapepesuka, lakini anakimbia. Alikuwa Donatus, mzima.

Alianguka magotini kando ya mkewe. Maneno yakamtoka kwa vipande. Walitoboa tundu la ukubwa wa sahani tu. Mwenzake aliyekuwa mbele akaanza kuyumba, naye akajua pale pale ni nini, akapiga kelele wapande. Wamepanda wote, huyo mwenzake wamembeba. Hakuna aliyebaki chini, hata mmoja. Alikutana na Apolonia nje ya ghala. Akamshika Asteria mabega, akawa analia na kuomba msamaha, atamwambia baba kila kitu, leo hii, atapiga magoti.

"Baba yuko wapi?" akauliza.

Asteria alinyoosha mkono. Alimwonyesha kamba.

Donatus aliitazama kamba, akalitazama tundu, na rangi yote ikamtoka chini ya lile vumbi. Akaidaka, akavuta. Asteria akavuta, Apolonia akavuta, wakajipanga kuupokea uzito wa mtu mzima.

Kamba ikaja nyepesi. Ikaja yote, haraka, wakaangukiana nyuma kwenye nyasi. Donatus akaikusanya hadi akaifikia ncha, akaigeuza geuza mbele ya macho yake.

Haikuwa imekatika. Mzee alipofika mwisho wa urefu wake, bado hajamwona mwanawe, alilifungua fundo kwa mkono wake mwenyewe, akaendelea mbele.